Imbwa haluma bure: tujifunze kumusikia mbele ya kumupiga

Kuko watu watacheka wakiona sendika ya wachimbaji inaandika juu ya imbwa na paka. Watasema: nyinyi watu wa sendika, mumemaliza mambo ya mashimo yenye kuanguka, mumemaliza bariere za barabarani na bei ya zahabu, na sasa munabakia tu na imbwa? Hapana, hatujamaliza hata moja. Lakini ajali ya kazi si shimo tu. Mutoto wa muchimbaji akilumwa na imbwa wa shantie kisha afe, iyo pia ni kifo ya kazi, na sisi tunaihesabu.

Uende leo katika shantie yoyote ya zahabu kule Bafwasende ao Banalia, ao kwenye mashimo ya diama karibu na Kisangani: utakuta imbwa. Analala mbele ya bashi. Analinda motopompe, analinda mifuko ya muchanga yenye haijasafishwa, analinda sufuria ya maharagi. Na kwa mji, Mangobo, Kabondo, Lubunga, ni vile vile. Papa iko shantie miezi mitatu, mama anabakia na watoto, imbwa ndiye analinda lupango usiku. Anafanya kazi ya sentineli, na mushahara wake ni mabaki ya fufu, siku yenye fufu inabakia.

Siku imbwa huyo analuma mutu, tunauliza maulizo tatu. Nani mwenye imbwa, alipe? Nani alimutuma, ni mulozi gani? Fimbo iko wapi? Kuko ulizo la ine lenye hatuulizi: sababu gani amemuluma? Tunasema wazi, ulizo hilo la ine ndilo lenye linaweza kuponyesha mutu. Yale mengine tatu yanaleta tu palabre.

Tuanze na mwanzo. Imbwa alitoka kwa imbwa-mwitu wa nchi za baridi, ule Wafaransa wanaita loup. Ni zamani sana, zaidi ya miaka 14.000. Yule nyama alikuwa anaishi na kuwinda kwa kundi, na katika kundi kila mumoja anapaswa kusoma mwili wa mwenzake: masikio, mukia, macho, mugongo. Imbwa alikuja kwetu na luga hiyo. Alijifunza pia kutusoma sisi. Anaona kama umekasirika mbele hujafungua kinywa. Lakini sisi wengi hatukujifunza kumusoma yeye, na hapo ndipo taabu inaanzia.

Tena si imbwa wa wageni tu. Pori yetu ilitoa imbwa wake, yule mudogo mwenye masikio ya kusimama na mukia wa kujikunja juu ya mugongo. Wawindaji wa Ituri na wa Tshopo wanamujua vizuri. Habweki kama wengine, anatoa sauti kama mutu anayeimba kwa shingo. Kwa sababu haitoi kelele, wawindaji wanamufungia kengele ya muti kwenye shingo, ili wasikie fasi gani iko ndani ya majani. Kwa kawaida jike anapata joto mara moja kwa mwaka, hapo imbwa wengi wa Ulaya wanapata mara mbili. Waingereza walimuchukua huku kwetu katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1937 wakamuonyesha London, kwenye mashindano ya imbwa ya Crufts. Wakamupa jina basenji. Tunajua neno hilo linatoka wapi: ni «washenzi», tusi lenye wakoloni walikuwa wanaita nalo babu zetu wa vijiji. Leo imbwa huyo ananunuliwa kwa dolari nyingi Ulaya na Marekani, na huku kwetu tunamupiga majiwe. Muchimbaji anapaswa kuelewa jambo hilo kupita mutu yeyote: kitu cha kwetu kinapata bei siku kinavuka mupaka.

Sasa tuangalie mambo yenye yanaogopesha watu. Imbwa anaamuka usiku, anaangalia giza, analia, na watu wanasema ameona roho ya mufu. Imbwa anasikia sauti nyembamba sana zenye sikio la mutu halishiki kamwe. Pua yake iko na vipokezi vya harufu zaidi ya miliyoni 200. Yetu iko na kama miliyoni 5 ao 6. Kwa hiyo wakati wewe unaona giza tupu, yeye anasikia panya ndani ya majani, anasikia harufu ya mutu asiyemujua mwenye amepita huko mbali, anasikia imbwa mwingine wa shantie ya ngambo akiita. Anamujibu. Ni radio yao. Na papa akirudi kutoka shantie, imbwa anaruka kwenye mulango mbele mama hajasikia kitu: amesikia mwendo wa miguu yake, ao sauti ya moto yenye imemuleta. Hakuna ulozi ndani.

Tena imbwa anajifunza kila siku, hata kama hautaki kumufundisha. Murusi mumoja, Ivan Pavlov, mwenye alipewa Nobel mwaka wa 1904, alionyesha kwamba imbwa mwenye amezoea kusikia sauti fulani mbele ya chakula, mwishowe anatoa mate kwa kusikia tu sauti hiyo, hata chakula hakipo. Fikiria sasa imbwa wa shantie. Kama kila mara watoto wanapokaribia wanamutupia majiwe, atajifunza: mutoto ni maumivu. Siku moja mutoto mwingine kabisa, mwenye hajawahi kutupa jiwe, atapita karibu, na atalipa deni ya wenzake. Watu watasema imbwa ni mubaya. Imbwa amesoma tu masomo yenye tulimupa.

Na toleka, na moto? Kila siku tunaona imbwa anafuata pikipiki barabarani, na mwenye kuendesha anaongeza mwendo. Imbwa ni muwindaji, kitu chenye kinakimbia kinamuita akifuate. Ukiongeza mwendo, umeongeza hamu yake. Mutoto mwenye anakimbia akipiga kelele, kwa imbwa ni kitu kile kile. Kusimama, kushusha mikono, kutomuangalia ndani ya macho, kurudi nyuma pole pole: hiyo inaponyesha kupita mbio.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Watu wanasema: «Alimuluma bila sababu, gafula tu.» Ni mara chache sana. Mbele ya kuluma, imbwa anatoa ujumbe mingi. Mwili wake unakauka kama muti. Anageuza kichwa, lakini macho yanabakia kwako mpaka unaona weupe wake. Analamba midomo bila chakula. Anapiga miayo bila usingizi. Nywele za mugongo zinasimama. Mukia unakuwa juu, mugumu, na unaweza hata kutikisika. Watu wanazani anafurahi, kumbe si kila mukia wenye kutikisika ni furaha. Kisha ananguruma. Kisha anaonyesha meno. Meno ni neno la mwisho.

Sisi wa sendika tunaijua kanuni hiyo. Wafanyakazi hawaanze mugomo asubui moja bila kusema. Wanaandika barua ya kwanza, wanaandika ya pili, wanatoa preavi. Kunguruma kwa imbwa ni preavi yake ya mugomo. Anasema: usiguse chakula changu, usikaribie watoto wangu, muguu wangu unaniuma. Na sisi tunafanya nini? Tunamupiga fimbo juu amenguruma. Tunafanya sawa na patro mwenye anafukuza delege wa wafanyakazi siku ameleta preavi. Delege ameenda, lakini mashaka hayakuenda. Siku yenye kufuata, mugomo unaanguka bila barua. Imbwa mwenye alipigwa kila mara akinguruma anaacha kunguruma, haachi kuogopa. Huyo ndiye analuma «gafula».

Kuko fasi zenye watu wanafanya imbwa akuwe mukali kwa makusudi. Wanamufunga na kamba fupi muchana na usiku. Wanamunyima chakula. Wengine wanamupa pilipili, hata baruti. Pilipili haiongeze akili ya kulinda, inaunguza tu tumbo. Imbwa mwenye iko na maumivu na mwenye hawezi kukimbia juu ya kamba, hana njia ingine: hawezi kuondoka, basi analuma. Na haulizi kama ni mwizi ao mutoto wa mwenye lupango. Imbwa mwenye kulinda vizuri ni yule anakula, anajulikana na watu wa fasi, na anabweka mapema. Kazi ya sentineli ni kuamusha watu, si kuua watu.

Kwa hiyo wamama, tunawaomba mufundishe watoto mambo machache. Usiguse imbwa mwenye anakula, mwenye analala, ao mwenye iko na watoto. Usimukumbate kwa shingo, yeye anaona ni kumukamata. Usimuangalie ndani ya macho kama haumujui. Usimufuate mwenye amejificha chini ya kitanda. Kama amekuangusha, jikunje kama yai, funika shingo na masikio kwa mikono, nyamaza.

Tuseme pia juu ya paka, juu yeye anateswa kwa njia ingine. Imbwa ni mufanyakazi wa kontra: anataka shefu, anataka saa, anataka kundi. Paka ni kreseri: anajitafutia peke yake usiku, na hataki mutu amupange. Alitoka kwa paka-pori wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Watu walipoanza kuweka nafaka kwa gala, panya wakakuja. Panya walipokuja, paka akafuata. Hakuna mwenye alimuita na hakuna mwenye alimufunga. Kule Kipro, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mutu na paka wamezikwa karibu karibu, kama miaka 9.500 imepita. Ni makubaliano ya zamani: wewe unaweka chakula, mimi ninakamata panya.

Macho yake yanawaka usiku kwa sababu nyuma ya jicho kuko ngozi yenye inarudisha mwangaza kama kioo, ili aone katika giza. Imbwa pia iko nayo, na mbuzi iko nayo, lakini hakuna mwenye anasema mbuzi ni mulozi. Kilio chake cha usiku chenye kinafanana na kilio cha mutoto muchanga, ni jike anatafuta dume, ao madume wawili wanagombania fasi. Akileta panya mwenye amekufa mbele ya mulango, hakuna mutu amemutuma kukuroga. Ni windo lake, analileta fasi yenye anaona iko salama. Na akisema «nyau» kila asubui, ujue kwamba paka wakubwa hawaongei sana hivyo kati yao. Sauti hiyo wanaiweka zaidi kwa ajili yetu, juu wameona inatoa chakula.

Tunayaandika haya juu katika mji huu kuko wamama wazee na watoto wenye walisingiziwa ulozi, na mara ingine «ushuhuda» ulikuwa paka mweusi mwenye alilala kwenye mulango wao. Mutu asipigwe kwa sababu ya paka. Na shantie yenye inaua paka wake, ijitayarishe kulisha panya muchele wake.

Sasa jambo lenye linaua. Kama tabia ya nyama inabadilika bila sababu yenye unaona, ogopa. Imbwa mupole anaanza kuluma kila kitu, hata miti na majiwe. Ao kinyume: imbwa mwenye alikuwa anakimbia watu anakuja kujilaza karibu nao. Sauti yake imebadilika, taya imelegea, mate yanatoka, anatembea bila kujua fasi anaenda, miguu ya nyuma inakataa. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha imbwa, la rage. Paka pia anaweza kuipata na kuileta. Si roho. Ni virusi yenye inapita ndani ya mate, inaingia kwa kidonda, inapanda na mishipa mpaka kwenye bongo. Ni yenyewe inageuza tabia ya nyama.

Kwa mutu, kwa kawaida ugonjwa unaonekana kisha miezi miwili ao mitatu. Inaweza kuwa juma moja, inaweza kufika mwaka. Ndiyo maana familia nyingi haziunganishe kifo na imbwa: kidonda kimepona zamani, wamesahau. Mugonjwa anaanza kuogopa maji, anapiga kelele, na wanamupeleka kwa chumba cha maombi. Ishara zikisha kuonekana, ni karibu hakuna mwenye anapona. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama watu 59.000 wanakufa hivyo kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote walilumwa na imbwa. Katika watu ine wanaolumwa na imbwa wa kushukiwa kwa kila kumi, wote ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini mbele ishara hazijaonekana, mutu anaweza kuponyeshwa. Dunia inajua jambo hilo tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alianza kumuchoma shindano Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 mwenye alilumwa na imbwa. Mutoto huyo hakupata ugonjwa. Ni zaidi ya miaka 140, na mutoto wa muchimbaji anakufa bado.

Basi mutu akilumwa ao akikwaruzwa, fanya hivi. Osha kidonda palepale na maji mingi na sabuni, dakika 15 kamili. Sabuni inaharibu virusi. Usiweke mafuta ya moto, usiweke majivu, usitegemee jiwe nyeusi: jiwe halivute virusi. Kisha safiri siku hiyo hiyo kwenye sentri ya afya, uombe chanjo ya rage, na umalize mashindano yote, hata kama kidonda kimefunga. Na imbwa? Kama anaweza kufungwa bila hatari, mufunge, mupe maji na chakula, mumuangalie siku 10. Kama alikuwa na virusi ndani ya mate siku ile alimuluma mutu, yeye mwenyewe ataonekana mugonjwa ao atakufa ndani ya siku hizo. Kama iko muzima siku ya 10, familia italala. Ukimuua palepale na kumutupa ndani ya muto, umetupa pia jibu. Tena usimuchune, usimule; mate na bongo yake ni hatari kwa mwenye kushika kisu.

Tunajua watu watajibu: kwa shantie hakuna hata dawa ya malaria, na nyinyi munaomba shindano kwa imbwa? Tunajibu hivi. Mutu mwenye amelumwa anaomba mashindano mingi kwa majuma, na safari ya moto mpaka fasi chanjo iko, kama iko. Imbwa anaomba shindano moja, na linamulinda angalau mwaka. Kama imbwa 70 katika 100 wamechanjwa, ugonjwa hauna tena njia ya kupita kati yao. Kisiwa cha Pemba, kule Tanzania, walichanja imbwa kwa wingi na rage ikaisha. Ikarudi tena, wakarudi kuchanja, ikaisha tena. Pemba si Ulaya. Ni watu wa kusema Kiswahili kama sisi, wenye franga kidogo kama sisi. Lakini kuua imbwa wote, kama machefu wengine wanaamuru, haisaidie: watu wanaleta imbwa wapya kutoka kijiji kingine, bila chanjo, na tunaanza kwa sifuri.

Nani alipe? Code minier yenye ilibadilishwa mwaka wa 2018 inaomba kila kreseri awe ndani ya koperative. Koperative inakamata mchango wetu. Imbwa analinda motopompe na muchanga wa shantie, basi ni mulinzi wa shantie. Mwenye kufaidika na kazi yake alipe chanjo yake. Tunaomba kila koperative ihesabu imbwa na paka wake, iweke majina kwenye daftari, na ilipe muganga wa nyama apite mara moja kwa mwaka. Tunaomba SAEMAPE iweke jambo hilo ndani ya mafundisho ya usalama, pamoja na kofia na miti ya kushikilia shimo. Tunaomba zone za afya za barabara ya Bafwasende na ya Banalia ziwe na chanjo ya watu karibu, si Kisangani tu. Na makomite zetu za shantie ziweke sabuni na bido ya maji fasi moja yenye kila mutu anaijua.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka dunia inakumbuka vita juu ya rage, kwa sababu ni siku Pasteur alikufa, mwaka wa 1895. Tusingojee mbiu kutoka juu. Kila delege alete kwa mukutano wa mbele ya tarehe hiyo hesabu ya imbwa wa shantie yake, na hesabu ya watu wenye walilumwa mwaka huu. Na wewe mwenye kusoma hapa, leo mangaribi, imbwa wako akinguruma, uache fimbo chini. Uangalie kwanza ni nini anakuambia.